Lowesha Kwanza: Namna ya Kusafisha Palipolala Panya Bila Kuvuta Virusi

Afisa afya alifunga mlango wa ghala, akazima taa, akaniambia, "Mama, fagia mara moja tu, halafu simama." Nikavuta ufagio kwenye kona ya nyuma ya chaga, palipokuwa na mavi ya panya yaliyokauka, meusi, yamechongoka ncha. Akawasha tochi akaimulika kwa pembeni, usawa wa kifua changu. Ndipo nilipokiona kitu nilichokuwa nakivuta puani kila asubuhi bila kukijua. Vumbi lile lilikuwa laini kuliko unga. Lilipanda polepole, likatawanyika, likakaa. Tulilitazama bila kusema neno. Baada ya dakika tano bado lilikuwa linaelea mbele ya uso wangu, na hapo nilikuwa nimefagia mara moja tu, kona moja tu.

"Mkojo wa panya ukikauka unageuka vumbi," akasema. "Ukilirusha, unalivuta."

Nimetunza maghala ya nafaka kwa miaka 19. Miaka ile ya mwanzo nilifagia pakavu, milango nusu wazi, kitambaa cha kichwani nimekishusha puani nikiamini kimenikinga. Vijana waliokuja kufanya kazi chini yangu niliwafundisha hivyo hivyo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Haya ninayoandika ndiyo ninayomfundisha sasa kila anayeingia ghalani siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa daftari la mizigo. Yanafaa pia kwa stoo ya nyumbani, kwa dari, kwa banda, kwa nyumba iliyofungwa muda mrefu, hata kwa gari lililoegeshwa msimu mzima.

Unachokikwepa ni nini

Virusi vinavyobebwa na panya ni vingi, lakini kuna koo mbili ambazo mtu anayeishi ukanda wa joto anapaswa kuzijua kwa majina: arena na hanta.

Lassa ni ya ukoo wa arena. Jina limetokana na mji mdogo wa Lassa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, ambako Januari 1969 aliugua muuguzi mmisionari, Laura Wine. Alisafirishwa hadi Jos, akafariki, na muuguzi aliyemhudumia huko naye akafariki. Mbebaji wa kirusi hicho ni Mastomys natalensis, ambaye kwa Kiswahili ni panya shamba. Jike la panya huyu lina chuchu nyingi kupita kawaida, zinaweza kufika 24, na watoto kumi au zaidi kwa uzao mmoja si ajabu. Panya mwenyewe haugui. Anakula, anazaa, anakimbia juu ya magunia yako, na popote apitapo anakojoa matone madogo madogo yenye virusi.

Nisikutie hofu isiyo na mpangilio. Panya shamba yuko karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, lakini ugonjwa wa Lassa makazi yake ni Afrika Magharibi: Nigeria, Sierra Leone, Liberia, Guinea na majirani zao. Panya huyo huyo kule Morogoro, Tanzania, amekutwa na kirusi kingine cha ukoo wa arena, kilichopewa jina la mji huo, na hicho hakijaonekana kumwuguza mtu. Kila kirusi kina panya wake na mahali pake. Venezuela kuna Guanarito, kilichojitokeza mwaka 1989 kwa wakulima wa jimbo la Portuguesa, kwenye maeneo ambako misitu ilifyekwa yakawa mashamba. Bolivia kuna Machupo, nitakirudia baadaye kwa sababu kina somo la mitego. Panama walikutana na hanta mwanzoni mwa mwaka 2000 katika jimbo la Los Santos, baada ya mvua kubwa kuliko ilivyozoeleka. Na yule panya mkubwa wa kahawia wa kwenye mitaro, ambaye amesafiri na meli hadi bandari za dunia nzima, ana hanta yake iitwayo Seoul, na imesafiri naye.

Kipanya mdogo wa ndani, anayeonekana hana madhara, naye ana kirusi chake kiitwacho LCM, jamaa wa Lassa. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hapati zaidi ya homa. Kwa mjamzito ni habari nyingine kabisa: mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na maji kichwani au macho yaliyoathirika. Kwa hiyo sheria ya ghala langu haina mjadala: mjamzito hasafishi palipo na panya, hata kama ni kona ndogo, hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba anaweza.

Kwa macho huwezi kumjua panya mwenye virusi na asiye navyo. Basi unasafisha kila mahali kana kwamba anavyo.

Kwa nini wanaingia ndani wakati ule ule kila mwaka

Hili watu wengi wanalipuuza, na mimi naliona ndilo linalookoa kazi nyingi. Mvua ikinyesha vizuri majani na mbegu huwa nyingi, panya shamba wanazaana kwa kasi. Miezi michache baadaye mavuno yanaondoka shambani kuja ndani, na nje kunakauka. Panya anafuata chakula. Nigeria wagonjwa wengi wa Lassa huonekana kati ya Desemba na Aprili, msimu wa ukavu, japo hakuna mwezi ambao wanakosekana kabisa.

Maana yake kwako ni kwamba kuziba matundu ni kazi ya kabla ya mavuno. Ukingoja uanze kusikia mikwaruzo darini usiku, umekwisha chelewa: utawafungia ndani badala ya kuwafungia nje.

Soma dalili kabla hujagusa kitu

Usiku mmoja kabla ya kazi yoyote, mimi hunyunyiza majivu membamba, yaliyochekechwa, kandokando ya ukuta na mbele ya kila mlango. Asubuhi naingia na tochi, sigusi kitu. Majivu yanasema ukweli: vidole vinne mbele, vitano nyuma, na katikati mstari wa mkia. Najua wanatoka wapi na wanaelekea wapi, na kama ni mmoja au ni msafara.

Tazama ukuta kwa karibu, chini kabisa, kiasi cha upana wa viganja viwili kutoka sakafuni. Panya hapendi kupita katikati ya chumba. Anatembea ubavu ukigusa ukuta, na mafuta ya manyoya yake huacha weusi unaong'aa kama palipopakwa grisi kwa kidole. Ukiona weusi huo, hiyo ni barabara kuu. Mavi mabichi yanang'aa na ni laini. Ya zamani yamefifia na huvunjika. Harufu kali ya mkojo kwenye chumba kilichofungwa ni dalili ya kutosha, usiingie kuthibitisha zaidi. Fungua, ondoka.

Matundu yapime hivi: kipanya mdogo hupenya palipo na upana wa penseli, milimita 6 tu. Panya mkubwa anahitaji upana wa kidole gumba. Watu hutazama mlango na kusahau mahali bomba la maji au waya wa umeme unapopita ukutani, na pale paa linapokutana na ukuta. Tundu dogo lijaze stilwaya la kusugulia sufuria, kisha funika kwa saruji au gundi ya ujenzi. Stilwaya peke yake hung'olewa. Tundu kubwa linataka wavu mgumu wa chuma au bati, limepigiliwa. Mbao, tambara na plastiki si kizuizi, ni kazi ya usiku mmoja kwa meno yake.

Chakula kiwe ndani ya pipa au debe lenye kifuniko kinachobana. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi mtu aweze kupita kwa ubavu na kutazama nyuma. Nafasi hiyo ya kupita ndiyo nimeipigania kwa mabosi wangu mara nyingi kuliko kitu kingine, kwa sababu kila mwenye mzigo anaiona kama nafasi iliyopotea. Haijapotea. Palipobanwa magunia mpaka ukutani, panya anazaa bila kusumbuliwa, na wewe unamgundua kwa harufu.

Kuni na takataka zikae mbali na nyumba, na kuni ziinuliwe kutoka ardhini. Paka anasaidia, lakini hamalizi. Bundi na nyoka wa shamba wanafanya kazi kubwa kuliko paka, waache waishi.

Mitego, na kilichotokea San Joaquín

San Joaquín ni mji wa jimbo la Beni, nyanda za chini za Bolivia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uliingiwa na homa ya kutoka damu, watu wakafa mfululizo. Kikosi cha watafiti akiwemo Mmarekani Karl Johnson kilikwenda huko. Johnson mwenyewe aliugua, akapona. Mwaka 1963 walikipata kirusi chenyewe, Machupo, na wakamtambua mbebaji: panya mdogo aitwaye Calomys, aliyekuwa amejaa ndani ya nyumba. Paka wa mji ule walikuwa wamepungua sana. Dawa ya tiba haikuwepo. Walichofanya ni kutega mitego nyumba kwa nyumba, usiku baada ya usiku, na mwaka 1964 mlipuko ukakoma.

Naipenda habari hii kwa sababu moja: walitega kote, na waliendelea. Nyumba moja ikitega na jirani asitege, nafasi ya panya aliyekufa inajazwa ndani ya siku chache na panya mwingine kutoka nje. Ukitega wiki moja kwa hasira na kuacha, umepoteza chambo.

Mtego mzuri ni ule wa kubana, unaoua papo hapo. Uweke ukutani kwenye barabara yake, umekaa kama herufi T, upande wa chambo ukigusa ukuta. Chambo kiwe kidogo sana, ukubwa wa njegere, kimekandamizwa ili asikinyakue akaenda zake. Tega mingi kwa mkupuo, usiku huo huo; mtego mmoja ndani ya stoo kubwa ni kama hakuna.

Gundi ya panya siiruhusu. Panya aliyenaswa na gundi anaishi saa nyingi, anahangaika, anakojoa kwa hofu, na mkojo huo ndio tunaoukimbia. Mtego wa kunasa mzima mzima una tatizo hilo hilo, na unakuletea swali la nani atamshika. Sumu nayo ina ubaya wake: anakwenda kufia ndani ya ukuta au darini, usipopafikia, na mtoto au kuku anaweza kuila kabla yake.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, wala kwa mkia kwa ncha ya vidole kama wengi wafanyavyo wakidhani ni salama. Vaa glavu. Mlowanishe yeye pamoja na mtego kwa maji ya jiki, subiri dakika tano, mtie ndani ya mfuko, funga, tia ndani ya mfuko wa pili, funga tena. Kama hakuna gari la taka, mfukie kina cha nusu mita au zaidi, mbali na kisima. Na huko ambako watu huwinda panya kwa kitoweo, hatari kubwa iko kwenye kumchuna na kumpasua, mikono ikiwa na damu na mikwaruzo. Moto wa jikoni huua kirusi, lakini mikono imekwisha mgusa kabla hajafika motoni.

Usafi mkubwa usianze mpaka mitego ikae wiki nzima bila kunasa. Kusafisha wakati bado wapo ni kujiongezea safari za kuingia kwenye hatari.

Kazi yenyewe

Fungua milango na madirisha yote, halafu ondoka kwa dakika 30 angalau. Usikae mlangoni kusubiri. Feni isiwashwe, wala mashine ya kufyonza vumbi, wala mpira wa upepo wa kupulizia mashine. Vyote hivyo ni ufagio kwa jina jingine.

Wakati hewa inapita, changanya dawa. Ile dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, ambayo wengi tunaiita jiki tu, ndiyo inayotosha: kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe tisa vya maji. Ichanganye siku hiyo hiyo. Iliyolala imepungua nguvu, na iliyoachwa juani ni maji yenye harufu tu. Usiichanganye kamwe na siki, asidi ya kusafishia choo au dawa yenye amonia. Hutoa hewa inayochoma mapafu, na nimeona mtu akitolewa stoo amebebwa kwa kosa hilo, ambalo halikuhusiana na panya hata kidogo.

Vaa glavu za mpira zinazopita kifundo cha mkono, viatu vya kufunika, nguo ya mikono mirefu. Kwa chumba chenye mavi machache, hewa na kulowesha ndiyo kinga yako kuu. Kwa mahali palipojaa, au darini, au palipofungwa miezi, vaa barakoa inayobana uso pande zote, ya daraja la N95, na miwani ya kufunika macho. Barakoa ya kitambaa haichuji vumbi lile. Nililiona kwenye tochi, najua ninachosema.

Sasa lowesha. Nasimama hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo kila mgeni anapokosea. Kijana wangu wa mwisho kumfundisha alishika chupa ya kupuliza akaanza kupuliza kwa nguvu, karibu karibu, na nikaona mavi yakiruka kama yamepigwa na upepo. Nikamshika mkono. "Mwanangu, unayafagia kwa maji." Mpulizo uwe mpole, kutoka mbali kidogo, ushuke kama manyunyu, kwanza pembeni kisha ukielekea katikati. Rudia mpaka mavi yabadilike rangi yawe meusi yanayong'aa, na kiota kizame chote, kisielee juu kikiwa kikavu ndani. Kiota cha panya hudanganya: juu kimelowa, chini ni pamba kavu na makaratasi yaliyosagwa. Mimina taratibu mpaka maji yatokeze chini yake.

Kisha subiri dakika tano kamili. Kijana aliuliza, "Mama, tunasubiri nini na vimeshalowa?" Nikamwambia maji yanazuia vumbi lisiruke, lakini kinachoua kirusi ni klorini, nayo inahitaji muda wa kugusana nacho. Mimi hutazama saa. Dakika tano za kusimama bure ni ndefu, mtu akikisia huishia kwenye mbili.

Zoa kwa karatasi laini au matambara ya kutupwa, si kwa ufagio hata sasa. Tia ndani ya mfuko, funga, mfuko wa pili, funga. Ndipo upige deki sakafu nzima kwa dawa ile ile, ufute na rafu, meza, na ukuta kwenye ile alama nyeusi ya mafuta. Vyuma, hasa mizani, vifute baadaye kwa maji matupu, kwa maana jiki hula chuma.

Sakafu ya udongo ina ugumu wake. Udongo hunywa dawa na kuimaliza nguvu. Hapo lowesha zaidi, subiri, kisha kwangua tabaka la juu likiwa bado bichi kwa koleo na kulitia ndani ya mfuko pamoja na vingine. Usingoje likauke.

Nguo na matandiko yaliyochafuliwa yakunjwe taratibu bila kukung'utwa, yaloweshwe, yafuliwe kwa sabuni na maji ya moto, yaanikwe juani. Jua kali ni rafiki mkubwa katika kazi hii. Kirusi cha hanta kinaweza kudumu siku mbili tatu kivulini, lakini mwanga wa jua hukidhoofisha upesi. Vitabu na makaratasi usiyoweza kuyalowesha yatoe nje yakae juani saa kadhaa.

Ukimaliza, nawa ukiwa bado na glavu, kwa dawa kisha sabuni, ndipo uzivue kwa kuzigeuza nje ndani. Nawa tena mikono mitupu. Badilisha nguo kabla ya kukumbatia mtoto au kukaa mezani.

Nafaka iliyochafuliwa

Hapa ndipo moyo unapopata shida, maana chakula si kitu cha kutupa. Lakini fikiria kupepeta. Unachukua nafaka yenye mavi makavu, unairusha hewani usawa wa uso, na upepo unakurudishia vumbi. Ni ule mwali wa tochi, mara elfu moja.

Ninachofanya ni hiki. Gunia lililotobolewa na kukojolewa, sehemu yenye unyevu, harufu au mavi inatolewa ikiwa imenyunyiziwa maji, inatupwa. Iliyobaki na kuonekana safi inachambuliwa nje, mahali pa wazi, upepo ukipiga kutoka mgongoni, mtu amevaa barakoa na glavu. Kupika kwa moto wa kutosha huua virusi. Unga na chakula kisichopikwa tena, kikiguswa na panya, hakina wa kukitetea. Tunda lenye alama ya meno usikate kipande ukabakiza kingine. Vyombo vilivyokaa wazi vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kutumika, na mdomo wa kopo la kinywaji ufutwe kabla hujauweka midomoni.

Homa ikija

Lassa hujitokeza ndani ya siku 21 tangu kuambukizwa, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili. Hanta inaweza kuchukua kuanzia wiki moja hadi nane. Zote mbili huanza kama malaria inavyoanza: homa, uchovu, kichwa, maumivu ya misuli. Lassa huongeza koo kuuma, kifua kuuma, kutapika. Ikizidi, uso unavimba na damu inaweza kutoka. Watu wanane kati ya kumi wanaoipata hawapati dalili au hupata kidogo tu, lakini wanaolazwa wakiwa mahututi, karibu 15 kati ya 100 hufariki. Robo ya wanaopona hupata matatizo ya kusikia, wengine kwa muda, wengine moja kwa moja. Hanta za Amerika hupiga mapafu: baada ya siku chache za homa pumzi inakatika ghafla, na kwa takwimu za Marekani karibu watu wanne kati ya kumi wanaofikia hatua hiyo hufariki. Hanta nyingine za Asia na Ulaya hupiga figo, mkojo unapungua.

Mgonjwa wa Lassa huambukiza kwa damu, matapishi, mkojo na majimaji mengine ya mwili, ndiyo maana wauguzi wamekuwa wakifa tangu 1969. Anayemhudumia nyumbani kabla ya kufika hospitali avae glavu na asishike nguo zake kwa mikono mitupu. Hanta karibu zote haziendi kutoka mtu kwenda mtu. Iliyothibitika kufanya hivyo ni ya Andes, huko Argentina na Chile. Ipo dawa ya ribavirin inayotumika kwa Lassa, na inatolewa mapema iwezekanavyo, kwa hiyo usimalize dozi mbili za malaria kwanza ndipo uende.

Homa ya mgunda, iliyotokea Lindi mwaka 2022, si kirusi bali bakteria, na inatibika kwa dawa za kuua bakteria. Lakini nayo hutoka kwenye mkojo wa wanyama wakiwemo panya, hupenda maji yaliyotuama na miguu yenye michubuko, kwa hiyo buti zako zina kazi mbili.

Daktari hawezi kukisia kwamba ulikuwa unasafisha dari wiki tatu zilizopita. Anaona homa, na katika nchi zetu za joto homa ina majina mengi. Lazima umwambie wewe: nilisafisha mahali penye panya, tarehe fulani, niliona mavi kiasi hiki, nilivaa au sikuvaa kitu.

Kwa ajili hiyo daftari la ghala letu lina ukurasa wa usafi. Tarehe, chumba, waliokuwepo, walivaa nini, panya wangapi walinaswa. Mwaka jana yule kijana niliyemshika mkono alipata homa siku ya 16 baada ya kazi. Alipiga picha ukurasa ule kwa simu akaenda nao zahanati. Alipimwa malaria, ikakutwa, akapewa dawa. Mganga alinakili tarehe ya usafi kwenye kadi yake hata hivyo, akamwambia arudi siku ya tatu kama homa haijashuka, na arudi siku hiyo hiyo kama pumzi itabana au damu itatoka. Homa ilishuka siku ya pili. Siku ya tatu alikuwa mlangoni pangu saa moja asubuhi, chupa ya kupuliza mkononi, anauliza tunaanza chumba gani.